Jiwe la Mama Mkwe Juu ya Pisini

Nikisema kwamba pisini, bwawa la mzungu la kuogelea, ndiyo iliyonikosanisha na watu wa nyumba yangu, wanaonisikia hucheka. Wanadhani niliponea chupuchupu kuzama. Sikuwahi kutia hata kidole cha mguu katika maji yale. Niliyatazama tu kutoka kwenye ua wa miti, nikiwa nimejifunga kikwembe changu kizuri, na bado nasema pisini ile ilinimeza.

Nilizaliwa upande wa Mpofi, katika Walikale, ambako msitu uko mlangoni na mtu husikia mvua majanini kabla haijamfikia. Nikaolewa Masisi, kwenye kilima kimoja juu ya Nyabiondo. Kule ni vilima juu ya vilima, maharagwe huku, mihogo kule, na asubuhi ukungu unashuka mpaka mtu humwita mbuzi wake kwa sauti kwa sababu hamwoni. Nilikuwa msichana mwenye maneno mengi na nilihofia kwamba huko hakuna atakayeyataka. Kila mtu aliniita "ule wa Walikale", hata watoto.

Chini ya nyumba zetu palipita kijito. Hakikuwa kikubwa, mbuzi alikiruka bila kufikiri, lakini ndicho kilichotulisha. Mihogo yetu ilikuwa michungu, na mhogo mchungu hauliwi mpaka umemenywa na kulowekwa siku kadhaa ndani ya maji yanayopita, ulainike na uchungu utoke, ndipo uanikwe na kutwangwa uwe unga wa bugali. Kwa hiyo ukingoni mwa kijito wanawake walichimba vidimbwi na kuvizungushia mawe, kila kimoja na mwenyewe. Wanaume hawakufika pale. Hakuna aliyewakataza, ila mwanaume aliyeteremka bila kupiga hodi alipokewa na maneno ya utani mpaka akasahau alichokifuata.

Nafasi ya kidimbwi haikununuliwa wala haikuombwa kwa chifu. Mama mkwe ndiye aliyekuonyesha. Juma nililofika, mama mkwe wangu alinishika mkono, akanishusha mpaka kijitoni mbele ya wanawake wote, akapiga jembe la kwanza yeye mwenyewe, kando ya kidimbwi chake. Akaniambia, "Hapa njo pako," hapa ndipo pangu.

Nililia siku ile, na sikuwa mtu wa kulia. Tangu hapo wanawake waliacha kuniita wa Walikale. Walinitania, walinisengenya nikiwapo na nisipokuwapo, waliniazima visu wakasahau kurudisha. Nilijua nimepokewa.

Mama mkwe alikuwa na jiwe lake la kumenyea mihogo. Lilikuwa jiwe pana, bapa, limelala ukingoni mwa kidimbwi chake, na juu yake palikuwa pamelainika kwa kukaliwa miaka na miaka. Alilipata kwa mama mkwe wake, naye kwa wake. Wengine tulikalia vigogo au tulichuchumaa mpaka magoti yakalia. Kwenye kilima kile jiwe la kumenyea hutoka kwa mama wa mume na kwenda kwa mke wa mwana, na mume wangu alikuwa mwana wa pekee. Sitaficha, nilikuwa nalitupia jicho. Nililitazama jinsi mtu anavyotazama shamba atakalorithi, bila haraka, lakini bila kusahau mipaka.

Mume wangu alikuwa fundi wa kujenga. Alijifunzia misioni, akiwashikia mafundi wengine ndoo mpaka naye akashika mwiko. Alikuwa na tabia moja niliyoipenda: akimaliza kuunga mawe kwa saruji, aliuweka mwiko chini na kuukandamiza muungo kwa kidole gumba, alama moja, kisha nyingine pembeni yake, mpaka mwisho. Mwiko unaweza kudanganya, alisema, kidole hapana. Hata meko yangu aliyajenga hivyo. Nikikoroga bugali niliviona vidole vyake kwenye saruji, na moyo ulitulia.

Sasa nifike kwenye pisini. Ng'ambo ya mteremko wetu lilikuwako shamba la kahawa la mzungu, na nyumba yake juu, na chini ya nyumba hiyo shimo kubwa la mawe na saruji lililopakwa rangi ya bluu. Uhuru ulipofika mzungu alikimbia, shimo likabaki na maji ya mvua na vyura, na mbuzi wetu walikunywa humo bila kumwomba mtu ruhusa. Miaka miwili baadaye mzungu alirudi na madamu mpya. Huyo madamu alikuwa ameona mahali fulani, sijui wapi, pisini yenye maji yanayoanguka kutoka juu kama maporomoko ya mtoni, naye akaitaka ya kwake. Mtu ana mvua kwa miezi yote ile, ana ziwa lake la saruji mlangoni, na bado anataka amwagiwe maji kichwani. Tulicheka sana kijitoni. Tulisema pengine kwao hawana mama wa kuwaogesha.

Mume wangu akaitwa. Alirudi, akala, kisha akaniomba punje za maharagwe. Akazipanga juu ya mkeka. Punje hii ni chemchemi kule juu, hii ni pisini, hizi ni vidimbwi vyenu. Akachukua jani la mgomba na kulichana vipande vyembamba, viwe mifereji. Maji yatachukuliwa kwenye kijito juu ya vidimbwi, yatakwenda kwa mfereji mpaka kwenye ukuta atakaoujenga, yataanguka pisini, yatatokea upande wa chini na kurudi kijitoni kabla hayajafika kwetu. Akavuta kipande cha mwisho cha jani mpaka kwenye punje za vidimbwi.

"Itapita tu mule," alisema. "Kisha itarudia."

Kwa nini nisingemwamini? Alikuwa mume wangu, na ni fundi. Kisha akaongeza kwamba yeye mwanaume hawezi kusema habari za kijito mbele ya wanawake, na mama yake amechoka siku hizi, lakini mimi wananisikiliza, nina maneno yanayoingia. Hicho kilikuwa kilemba cha ukoka, nami nikakivaa. Nikakivaa na kukiweka sawa.

Siku iliyofuata nilizungumza na wanawake. Mama mkwe alikuwa amekaa juu ya jiwe lake, anamenya. Nilipanga maharagwe juu ya jani kama nilivyoonyeshwa. Jirani yangu, mwenye kidimbwi kilichofuata changu, mwanamke wa watoto wengi na subira kidogo, akauliza itakuwaje maji yakichelewa huko kwenye starehe zao. Nikamjibu kwamba maji hayana starehe, yanateremka. Walicheka. Nilijiona nimeweza.

Ndipo mama mkwe akainua uso. Aliuliza kwa sauti ya juu, na yeye hakuwa mtu wa sauti.

"Ni bwana yako njo anasema, ao ni weye njo unasema?"

Pale kilimani swali hilo lilikuwa zito, na kila mmoja wetu alijua uzito wake. Neno ulilotumwa, hulibebi wewe, hubebwa na aliyekutuma. Neno la kinywa chako ni lako, likiharibika unalaumiwa wewe. Ningeweza kusema nimetumwa. Ilikuwa kweli. Lakini nilikuwa na kidimbwi changu, wananitania, wananiazima visu, nami nilitaka wajue kwamba naweza kusimama kama mwanamke yeyote wa kilima kile. Na nilidhani ananipa heshima.

"Ni mimi njo nasema, Mama."

Akainamia mhogo wake. Wanawake wakakubali, na zaidi ya kukubali, wakasaidia. Mawe mengi ya ukuta ule tuliyabeba sisi kwa vikapu kutoka mtoni, kwa sababu nilisema mimi.

Ujenzi wenyewe ulikuwa mzuri kuutazama, siwezi kukana. Mume wangu aliziba nyufa za pisini kwanza, vyura wakahamishwa kwa ndoo huku wakilalamika. Kisha akainua ukuta upande wa mlimani, mawe mbele na betoni ya saruji nyuma, na juu yake akajenga birika pana ili maji yafike, yatulie, yapande taratibu na kumwagika kwa pamoja. Mfereji aliushusha kwenye mteremko, mahali pengine ndani ya ardhi, mahali pengine juu ya vibao. Nilikuwa nampelekea chakula, nikikaa pembeni na kumwambia jiwe hili limekaa vibaya, naye akijibu kwamba hata mimi nilivyokaa si vizuri.

Siku ya kujaribu, maji yalikataa kuanguka. Yalifika kwenye ukingo, yakajikunja na kuteremka yamejishika kwenye ukuta, yanaulamba kama ng'ombe anavyolamba chumvi. Ukuta ulilowa tu. Madamu alisema ameomba maporomoko, si ukuta unaotoka jasho. Mume wangu akaweka mawe mengine kwenye ukingo, lakini yalikuwa ya mtoni, ya mviringo, na maji hayaliachi jiwe la mviringo. Alihitaji jiwe bapa, pana, laini juu, lenye ukingo mkali chini, litokeze mbele ili maji yakose pa kushika. Alizunguka vilima vyote akilitafuta. Alirudi amekata tamaa, hata utani haukumtoka.

Asubuhi yake mama yake alimwambia, bila kuulizwa, "Muchukue jiwe yangu."

Nilikuwa nachochea moto, nikabaki na kuni mkononi. Nikasema, Mama, utakaa wapi? Akasema amezeeka, miguu haipendi tena kuteremka, atapata kigogo. Alisema hivyo kwa wepesi, kama anayetoa kikapu kilichotoboka. Wanaume wakapiga hodi kwa mara ya kwanza, wakateremka, wakaling'oa jiwe na kulibeba kwa miti mpaka kwa mzungu. Lilipong'olewa, chini yake palikuwa peupe na palikuwa na minyoo inayokimbia.

Niliumia. Urithi wangu ulikuwa unapanda mlima begani mwa wanaume, na sikuulizwa. Lakini nilijiambia kwamba huo ndio upendo wa mama, amemwona mwanawe ameshindwa, akatoa alichokuwa nacho. Nilimpenda zaidi kwa ajili hiyo. Nalikumbuka hilo kuliko yote mengine, kwamba nilimpenda zaidi.

Jumapili moja baada ya ibada tulisimama nyuma ya ua wa miti, wanawake wote, tukiwa bado na nguo za kanisani. Mimi nilikuwa nimevaa kikwembe alichoniletea mume wangu kutoka Kashebere. Miezi kadhaa kabla hajaitwa kwa mzungu alikuwa ameaga anakwenda Kashebere kujenga duka la mfanyabiashara mmoja, akarudi na kikwembe hicho na chumvi. Mlango wa mfereji ukafunguliwa. Maji yalijaa birika, yakapanda juu ya jiwe la mama mkwe, yakaliacha na kuanguka yote pamoja, yametandazika kama nguo inayokung'utwa. Sauti yake ilifika mpaka kwetu. Madamu alipiga makofi na kujitupa ndani, wageni wake wakamfuata. Chini ya jiwe, nilijua, zilikuwako alama za kidole gumba, zimepangwa kwenye saruji mpya. Wanawake wakanigeukia, mmoja akasema bwana yangu ana mikono. Nilivimba kwa majivuno.

Kulikuwa bado masika, na maji yalikuwa mengi. Mfereji ulichukua sehemu yake na kijito kikabaki na yake, kwa hiyo hakuna aliyeona tofauti. Kisha kiangazi kikaingia. Kijito kilipungua, na kila kilichobaki kikaingia mfereji. Maji ya vidimbwi yakasimama. Yakageuka kijani, yakafanya utando, na mihogo badala ya kulainika ikaoza na kutoa funza. Niliwaambia wanawake wasubiri, maji yanazunguka, yatarudi. Niliyasema hayo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Mama mkwe hakuwa na hasara yoyote, kwa sababu tangu jiwe lake litoke hakuloweka tena.

Jirani yangu alikuwa ameloweka mihogo yake yote aliyong'oa, ya kulisha watoto wakati anasubiri maharagwe. Alikuja na kikapu kinachonuka, akakiweka mbele ya mlango wangu. "Ulisema itarudia," aliniambia, akaondoka bila kuchukua kikapu.

Basi nikaamua kuyafuata maji mwenyewe. Nilipanda, nikauzunguka ua, nikateremka chini ya pisini nitafute mahali yanapotokea. Nililiona tundu, limejengwa vizuri, linatazama kijito chetu, kama lile jani la mgomba lilivyotazama. Ndani yake buibui alikuwa amefuma utando wake, wala haukuwa na tone.

Lakini pisini haikuwa imefurika, na maporomoko yalikuwa yanaendelea kuanguka. Maji yale yalikuwa yanakwenda mahali. Nilipiga hatua taratibu, nikisikiliza, mpaka nikasikia chini ya miguu yangu sauti ndogo ya maji. Nilifukua majani kwa mikono. Lilikuwako bomba la udongo, limeungwa na jingine, na jingine, linavuka mgongo wa kilima kwenda upande wa pili. Nililifuata mpaka mwisho wake. Lilimwagia mabirika ya kuoshea kahawa ya mzungu, mapana, yamejaa, vibarua wanakoroga kwa mapauro huku wanaimba. Hicho ndicho kilichokuwa kinatakiwa. Madamu alipata maporomoko, na kahawa ikapata kijito.

Nilirudi kwenye bomba nikapiga magoti. Kwenye kila muungo kulikuwa na alama za kidole gumba, moja, kisha nyingine pembeni yake. Na ndani ya alama zile palikuwa pameota kuvu ya kijani, ile inayoota kwenye saruji iliyokwisha kukaa mvua nyingi. Ukuta wa maporomoko ulikuwa bado mweupe. Bomba hili lilikuwa kubwa kwa umri kuliko ukuta, kuliko yale maharagwe juu ya mkeka. Lilijengwa wakati ule alipokuwa Kashebere. Nikaelewa kwamba hakuwahi kuwa Kashebere, au alikwenda siku moja tu, kununua kikwembe.

Niliweka kidole changu ndani ya alama ya kidole chake. Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu, na mimi nguo yenyewe nilikuwa nimeivaa.

Nilimkuta nyumbani ananoa patasi. Nilimwambia nilichokiona. Hakukana, nami ningependa angekana kidogo. Alisema mzungu amemwahidi ukapita, yaani kuwa msimamizi wa vibarua, na nyumba ya matofali yenye mabati, na robine mlangoni, maji yatakuja yenyewe ndani ya sufuria, sitashuka tena matopeni na wale wanawake. Amefanya kwa ajili yetu. Nikamuuliza kwa nini aliniachia mimi niseme. Akatazama patasi yake.

"Mama alijua," alisema. "Uliza yeye."

Alinipa jibu hilo kama anayemkabidhi mwenzake mzigo ili apumzishe mkono.

Mama mkwe alikuwa uani anachagua maharagwe. Kabla sijamfikia, lile jiwe alilolitoa lilikuwa limekwisha kunieleza yote. Mwanamke atakayemenya mihogo kesho hatoi jiwe lake la kumenyea leo. Na mama wa mume anayekuona mkwe wake hatoi jiwe lililo lako bila kukutazama usoni. Alijua kijito kitakauka. Alijua siku ile aliponiuliza swali kwa sauti ya juu. Hakutaka jibu kwa ajili yake. Alitaka masikio yote pale yasikie kwamba neno si la mwanawe.

Nilimuuliza kwa nini. Vidole vyake havikusimama, mabovu huku, mazuri huku.

"Weye uko mugeni," alisema. "Mugeni bakimukasirikia, anarudia kwabo. Mwana wangu angerudia wapi?"

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anayenieleza njia ya kwenda sokoni. Hilo liliniuma kuliko la mume wangu. Mume nilipewa na wazazi, na mwanaume anaweza kudanganya kwa ajili ya mabati, nimeona wengi. Lakini yule mama ndiye aliyenishika mkono na kupiga jembe la kwanza, akasema hapa ndipo pangu. Nami niliamini kila herufi ya maneno yale. Kumbe alinipa mahali pa kusimama ili lawama ijue pa kunikuta.

Wanawake walikwisha kuhamia mto mwingine, mbali chini bondeni. Niliwafuata nikawaeleza yote, bomba, kahawa, kidole, jiwe. Walinisikiliza huku wanachimba. Hawakunitukana. Nilipomaliza, jirani yangu alisema, "Ni weye njo ulisema," wakaendelea kuchimba. Hakuna aliyenionyesha mahali.

Kila mtu alingoja nirudi Mpofi. Mume wangu alisema atanisindikiza mpaka Kashebere, niendelee kwetu nikapumzike kidogo, na alipolitaja jina hilo nilimtazama mpaka akatoka nje. Mama mkwe alinifungia ndizi za njiani kwa majani. Zile ndizi ndizo zilizonibakiza. Nilizitazama zilivyofungwa vizuri, kwa kamba mpya, na hasira ilinipanda mpaka masikioni. Kama ningeondoka, maneno yake yangekuwa kweli, mgeni amekasirikiwa, amerudi kwao. Nikazifungua na kuzila, moja baada ya nyingine, mbele yake.

Nikateremka bondeni na jembe langu. Nafasi iliyobaki ilikuwa ya mwisho chini kabisa, ambako maji yalifika yakiwa yamepita kwenye mihogo ya kila mtu, machachu na yenye povu. Nikachimba hapo. Udongo ulikuwa mlegevu, kidimbwi changu kilibomoka kila mvua nami nikakichimba tena. Hakuna aliyeniambia njoo wala ondoka. Nilirudi na kichwa kinachouma kwa mzigo, nikapita chini ya ukuta wa mzungu, na maporomoko yalikuwa yanaanguka juu ya jiwe lile, usiku na mchana, iwe kuna mtu wa kuyatazama au hakuna.

Mume wangu akawa kapita. Tukahamia nyumba ya matofali na mabati, mama yake chumba kimoja, sisi kingine. Robine ilikuwako mlangoni, kama alivyosema. Sikuigusa. Nilipika kwa maji ya bondeni, nilioga kwa maji ya bondeni, na mtungi wangu niliuweka pembeni kwenye kona yake. Mwanzoni mume wangu alicheka, akasema punda amekataa nyasi. Kisha akaacha kucheka. Alikula bugali yangu, na hakuwahi tena kupanga kitu juu ya mkeka kunionyesha.

Siku moja katika masika yaliyofuata nilishuka bondeni nikitegemea kukuta kidimbwi kimebomoka. Hakikubomoka. Kilikuwa kimezungushiwa mawe, yamepangwa na kushindiliwa kwa udongo wa mfinyanzi. Jirani yangu alikuwa amesimama juu kidogo ananawa matope mpaka viwiko. Hakunitazama. Aliniambia tu kwamba kile kisu changu bado anacho, asije akasahau. Nikamwambia alikwisha kusahau zamani. Nikainama haraka nikamenya, kwa maana sikutaka aone uso wangu.

Mwaka ule mama mkwe alishikwa na homa ikakataa kumwachia. Siku moja mume wangu alikuwa kwenye kahawa. Nilikaa na mgonjwa mchana ule, nilimpangusa, nilimgeuza, sikumnyima chochote, na sikumwambia neno la ziada. Alikuwa amekonda, mikono imekuwa kama vijiti vya kuchochea uji. Akaomba maji.

Pale palikuwa na sufuria iliyojazwa kwenye robine, na kwenye kona mtungi wangu. Nikachukua kikombe, nikasimama katikati. Niliuliza kwa sauti ya chini, hapakuwa na mwingine wa kusikia.

"Ya mwana wako, Mama, ao ya mugeni?"

Alitazama sufuria, akatazama mtungi. Kisha akainua kidevu kuelekea kwenye kona.

Nilimnywesha. Alikunywa akapumzika, akaomba tena, nikampa tena. Maji yalimwagika shingoni nikayafuta. Nilikuwa sijamsamehe, na mkono wangu ulimshika kichwa vizuri, yote mawili yalikuwa kweli. Kutoka ng'ambo ya mteremko tulisikia maporomoko ya madamu.

"Ile jiwe," alisema, "ilikuwa ya weye."

"Najua, Mama."

Nikamlaza. Mtungi ulikuwa umekwisha, nikauchukua na kuteremka bondeni kuteka mengine.